Mawe ya Kituo cha Saba

Asubuhi ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1956 Tekla aliingia katika mto Mkese mpaka magotini, akainama, akachagua jiwe lake. Wenzake walikuwa wameokota mawe ya kujaa kiganja. Yeye alitwaa la ukubwa wa kichwa cha mtoto, jeusi, laini kama yai, akaliweka juu ya ngata yake na kupanda ukingo bila kumsalimu mtu.

Wanawake walitazamana. Kwa desturi ya hija ile, kila apandaye mlima Nyambila huokota jiwe mtoni, hulibeba mpaka kituo cha saba cha Njia ya Msalaba, pale Bwana anapoanguka mara ya pili, na huliacha pale pamoja na dhambi yake ya mwaka. Ndiyo sababu watu hutazama sana mawe ya wenzao. Abebaye kubwa husemwa. Abebaye dogo husemwa zaidi.

"Mama Lea," aliuliza Yudith, mjane mwenzake na jirani yake wa shamba, "hilo la dhambi gani?"

"Si yangu," Tekla alijibu. "Leo nabeba ya watu."

Alikuwa na hasira ya siku tano, nayo haikuwa imepungua hata chembe. Ilimwanzia Jumapili ya Matawi, baada ya sala, Silvester aliposimama mbele ya altare na daftari la baraza la wazee wa kanisa mkononi. Silvester alikuwa mkuu wa wazee hao, mwenye sauti nzito na koti jeusi la sikukuu, na ndiye aliyebatizwa siku moja na marehemu mume wa Tekla, Katekista Liberatus. Watu wa namna hiyo huko Iringa huitana ndugu mpaka kaburini. Akafungua daftari, akasoma kwamba tangu mwaka huo, katika kituo cha kumi na mbili, maombi ya kumkumbuka Katekista Liberatus yasisomwe tena, mpaka shauri la mlima litakapokwisha.

Aliyasoma mbele ya Lea, binti wa Tekla. Aliyasoma mbele ya wajukuu, ambao walikuwa wameshika matawi yao na hawakujua kwa nini bibi yao amekaza shingo.

Tekla hakulia wala hakutoka. Alikaa mpaka wimbo wa mwisho, akatembea nyumbani kwa mwendo wake wa kila siku, akafunga mlango, na hapo ndipo alipotupa sahani ukutani. Ilikuwa sahani ya kwanza kuvunjwa kwa makusudi katika nyumba ile. Mwenyewe aliokota vipande.

Mtu asiyemfahamu angeweza kusema kwamba anajali mno maneno ya watu. Lakini Tekla alizaliwa Kalenga katika nyumba iliyojua thamani ya jina. Masista walimfundisha kusoma, kuhesabu, kushona na kusimama wima. Kwa miaka kumi na sita alifundisha darasa la kwanza na la pili chini ya paa la nyasi, na jumbe mwenyewe alimletea barua zake azisahihishe kabla hazijakwenda bomani. Alipoolewa na Liberatus aliikuta familia maskini ya mali, akaifanya tajiri wa heshima. Nguo zao zilikuwa chache, lakini zilipigwa pasi. Lea hakuruhusiwa kucheka njiani. Na Liberatus alipofariki mwaka 1953, alimwachia mjane wake nyumba ya udongo, shamba la mahindi, na njia ile ya mlimani, ambayo alikuwa ameifyeka kwa panga lake mwenyewe, kituo kwa kituo, kuanzia mtoni mpaka kileleni. Kila Ijumaa Kuu mamia ya watu walipiga magoti juu kule na kulitaja jina lake. Huo ndio urithi uliotwaliwa kwa mistari miwili ya daftari.

Na shauri la mlima lenyewe lilikuwa hivi.

Mlima Nyambila una sehemu mbili. Chini, tangu mtoni, ni mashamba ya watu. Juu, kuanzia karibu na kituo cha tisa, ni msitu wa hifadhi wa serikali, na njia ya hija hupita ndani yake mpaka kwenye msalaba mkubwa. Mpaka kati ya mashamba na msitu uliwekwa zamani, mwaka 1933, kwa marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa, ambayo watu waliyaita bikoni. Kisha serikali ikasahau, majani yakaota, na watu wakalima mpaka ukingo wa miti bila kusumbuana na mtu. Mwezi wa saba mwaka 1955 likaja kundi la wafanyakazi kutoka ofisi ya jimbo, Mbeya, kuufufua mpaka. Waliiona bikoni namba kumi, wakaiona namba kumi na mbili. Namba kumi na moja hawakuiona. Walipotafuta huku na huku wakakuta rundo kubwa la mawe katikati ya mashamba, wakafurahi, wakalipaka chokaa na kuandika 11.

Lilikuwa rundo la dhambi la kituo cha saba.

Hivyo mpaka ukashuka. Mashamba tisa kati ya kituo cha saba na cha tisa yakawa msitu wa serikali kwa asubuhi moja. Shamba la ulezi la Yudith lilikwenda. Mianzi ya ulanzi ya Silvester, ambayo baba yake aliipanda na ambayo kila masika ilimnywesha yeye na nusu ya kijiji, ilikwenda. Watu walipolalamika barazani, karani wa kundi lile alifungua faili na kuwasomea barua ya mwaka 1936, ambamo Katekista Liberatus aliomba ruhusa ya kupitisha njia ya hija ndani ya hifadhi, akaahidi kwamba yeye na watu wake wataiheshimu mipaka ya mawe. Chini palikuwa na sahihi yake. Karani hakusoma kwa nia mbaya. Lakini kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema kwamba Liberatus aliwauza, kwamba alitia sahihi mashamba yao yachukuliwe ili apewe njia yake. Maiti haulizwi sanda, na Liberatus hakuwa na kinywa cha kujibu.

Mkewe alikuwa nacho, tena alikuwa na kalamu. Tangu mwezi wa nane aliandika barua tatu kwenda Mbeya. Ya kwanza ilikuwa ya adabu. Ya pili ilikuwa ya adabu zaidi, na yeyote aliyefundishwa naye angejua maana yake. Ya tatu ilisema kwamba rundo lile limewekwa na Wakristo kwa mikono yao, na kama karani wa misitu ana miguu, na aje kulitazama kabla ya Pasaka.

Alikuja. Ndiye yule yule aliyesoma barua barazani, Mnyakyusa wa Rungwe aitwaye Andendekisye, kijana mrefu mwenye suruali ya kaki na mfuko wa ngozi, aliyesafiri kwa lori mpaka Iringa na kwa baiskeli siku moja na nusu kuingia milima ya Kilolo. Asubuhi ile alimkuta Tekla ukingoni mwa mto na jiwe kichwani. Alivua kofia na kuinama kama wanavyoinama kwao mbele ya mama mzazi.

"Kamwene, Mama Mwalimu."

"Kamwene," alijibu Tekla bila kugeuza shingo. "Leo kamba yako ya kupimia umeileta, au umeleta faili peke yake?"

"Vyote nimeleta, Mama."

"Basi tembea."

Padri alikuwa misheni kuu kwa ajili ya ibada ya saa tisa, na kama miaka yote njia ya mlimani iliachiwa wazee wa kanisa. Silvester alitangulia na msalaba mdogo wa mbao. Watu wapata mia mbili walifuata kwa mstari, wakiimba, wakisimama katika kila kituo kwenye kimsalaba kilichopigiliwa mtini. Ukungu ulikuwa haujainuka. Njia ilikuwa ya utelezi kwa mvua za masika, na jiwe lilimwelemea Tekla mpaka jasho likamwingia machoni, lakini hakulibadilisha kutoka kichwani kwenda begani, kwa maana Silvester alikuwa akigeuka mara kwa mara kumtazama.

Katika kituo cha nne Silvester alishindwa kujizuia.

"Shemeji," alisema, na watu wa mbele wakamsikia, "mwaka huu Kwaresima imekuwa rahisi kwetu. Tumefunga ulanzi bila taabu, kwa kuwa mianzi iko serikalini."

Wachache walicheka. Tekla alisubiri mpaka kicheko kiishe.

"Ungefunga na mdomo," alisema, "ungefika mbinguni kabla yetu."

Hapo walicheka wengi zaidi, na Silvester akaanza wimbo upesi.

Walipofika kituo cha saba, mstari ulivunjika na watu wakajikusanya bila kujua la kufanya. Rundo lilikuwa mbele yao, jeupe kwa chokaa, na namba 11 nyeusi kifuani. Kigingi pembeni kilikuwa na tangazo: kugusa alama ya mpaka ni kosa. Miaka ishirini walilitupia mawe yao bila kufikiri; sasa walisimama na dhambi zao mikononi kama watoto waliokatazwa kuingia nyumbani.

Tekla aliteremsha jiwe lake, akaliweka chini majanini. Kisha akapiga goti mbele ya rundo, akaanza kuling'oa.

"Mama, ni kosa," alisema Andendekisye.

"Nifunge. Ila kwanza tazama."

Aling'oa la kwanza, la pili, la kumi. Chini ya ngozi ya chokaa mawe yalikuwa yale yale, meusi, laini, ya mviringo. Yudith akaja kumsaidia. Wakaja na wengine. Kila jiwe lililotoka Tekla alilitupa miguuni mwa karani, na kila mara alimuuliza: jiwe hili ni la mlimani? Wafanyakazi wako walilipasua wapi, hili? Alimweleza, kwa sauti ile aliyoitumia kwa watoto wa darasa la kwanza wasiotaka kuelewa, kwamba mlima Nyambila hauna jiwe hata moja la mviringo. Mawe yake ni ya kupasuka, yenye makali. Ya mviringo hukaa mtoni, na kutoka mtoni hayapandi mpaka yabebwe.

Walifika chini kabisa, kwenye udongo. Hapakuwa na jiwe hata moja lenye makali.

Andendekisye alikuwa ameinama nao. Mikono yake ilikuwa na tope. Akasema mbele ya watu wote, "Mimi ndiye niliyelipaka chokaa hili. Nilikosea. Bikoni ya serikali hujengwa kwa mawe ya kupasuka, na katikati huwekwa jiwe lililochongwa namba. Hapa halipo."

Watu waliguna. Tekla aliinuka, akapangusa magoti, akamgeukia Silvester. Alikuwa na sentensi tayari. Alikuwa nayo tangu Jumapili, ameipiga pasi kama nguo ya kanisani. Lakini Silvester alimuwahi.

"Vema," alisema. "Basi twambie, karani. Mashamba tumerudishiwa?"

Andendekisye alikuna shingo. Akaeleza kwamba ataandika kuwa rundo hili silo. Lakini mpaka hauwezi kuchorwa bila namba kumi na moja ya kweli, na wakuu wake hawataamini maneno matupu. Ramani inasema jiwe, nao watataka jiwe. Lisipoonekana, mstari utabaki pale ulipo.

"Basi na tulitafute," alisema Silvester.

Walilitafuta wakiwa njiani, na mahali penyewe palipatikana kwa urahisi ajabu. Mita chache kutoka kituo cha tisa, mahali miti inapoanzia, Andendekisye alitenganisha majani na kuona mifereji miwili iliyochimbwa kwa pembe, kama mikono ya mtu iliyonyooshwa, mmoja ukielekea namba kumi na mwingine namba kumi na mbili. Pale mikono ilipokutana palipaswa kuwa na kifua. Palikuwa na shimo la futi moja, udongo uliolegea, na chembe za chokaa. Hakuna jiwe.

"Mawe hayana miguu," alisema Silvester. Sasa hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa ametazama mianzi yake umbali wa kutupa jiwe, akaona inarudi, akaona inaondoka tena. "Kuna mtu aliyatoa. Aliyejua yapo. Aliyewaandikia Wazungu kwamba anayajua."

Hakutaja jina, naye hakuwa na haja ya kulitaja.

Tekla alihisi damu inampanda mpaka kwenye nywele. Alikuwa amekwisha shinda, na ushindi ulikuwa umeporwa mbele ya macho yake. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa mstari:

"Sikilizeni, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Aliyeyatoa mawe hapa ni mwizi wa mpaka, na mwizi wa mpaka ana laana. Kama ametoka katika nyumba yangu, laana hiyo iwe juu yangu mimi. Nimesema."

Yudith alimshika mkono. "Usiape, mwenzangu. Siku kama ya leo."

"Nimekwisha apa."

Akainua jiwe lake. Alikuwa amelichukua tena kutoka kituo cha saba, kwa sababu hapakuwa na rundo la kulitua. Wakaingia msituni.

Kutoka cha tisa hadi cha kumi na mbili njia hupita chini ya miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, na mtu husikia matone kuliko nyimbo. Halafu miti huachana, na mbele huwa uwazi wa mwamba, na msalaba. Liberatus aliuchonga kwa mti wa mninga, urefu wa watu wawili, akausimamisha juu ya kiguzo kipana cha mawe yaliyopangwa bila udongo. Watu walipiga magoti. Tekla alikwenda mbele kabisa, mahali pake pa miaka yote, magoti yake yakigusa mawe ya kiguzo, maana alitaka Silvester amwone vizuri wakati wa kuliruka jina.

Silvester aliliruka. Baada ya ukimya wa kifo cha Bwana yalifuata maombi ya Baba Mtakatifu, ya askofu, ya wagonjwa, na pale jina la Liberatus lilipokuwa likikaa alikohoa, akaendelea na maombi ya mvua.

Tekla hakumsikia. Alikuwa anatazama kiguzo.

Masika yale yalikuwa makali. Mvua ilikuwa imebandua kuvu upande wa chini, na katika maungo ya mawe palikuwa na kitu cheupe. Alikikwaruza kwa ukucha. Kikatoa unga. Aliyatazama mawe: yote yenye makali, yote ya kupasuka, yameumana vizuri kama meno. Na karibu na ardhi palikuwa na jiwe bapa, lililolazwa ubavu, lenye mikwaruzo miwili mirefu, iliyonyooka, iliyochongwa kwa chuma. Moja na moja.

Akaliziba kwa kiganja.

Alikumbuka yote kwa mara moja, kwa namna ambayo angetamani asingekumbuka. Mwaka 1938, juma la mwisho kabla ya Pasaka. Liberatus alikuwa amejaribu mara mbili kujenga kiguzo kwa mawe ya mtoni, na mara mbili kiliporomoka, kwa maana mawe ya mviringo hayashikani. Hapakuwa na saruji. Ijumaa ilikuwa inakaribia, na yeye hakuwa mtu wa kushindwa. Siku ya Jumatano aliwaambia watu kwamba amepata mawe mazuri karibu, yamekwisha pasuliwa. Wanaume waliyafumua, wanawake wakayabeba. Tekla mwenyewe alipanda mara nne. Jioni alipofua ngata yake maji yalikuwa meupe kama maziwa, akamuuliza mumewe mawe yale yalipakwa chokaa kwa ajili gani. Liberatus alicheka. Alisema Wazungu hupaka chokaa hata mawe, na mawe ni ya Mungu.

Alijua. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba ataiheshimu mipaka. Alijua, akacheka, na mkewe mwenye elimu akaanika ngata kwenye kamba, asiulize tena.

Hasira iliyokuwa kwa Silvester ilimgeukia marehemu. Ewe mtu, alimwambia moyoni, miaka mitatu nakupigia pasi jina, kumbe umenificha tope mfukoni. Ilimchoma kuliko kifo chake.

Na kiganja kilikuwa bado kimeziba. Hakuna aliyeona. Angeweza kusukuma udongo kidogo kwa goti. Kuvu lingeota tena. Karani angerudi Mbeya na kuandika kwamba haikuonekana. Silvester angekosa mianzi yake mpaka afe, na kwa nafasi ya pumzi mbili wazo hilo lilimfurahisha Tekla kwa furaha chafu kabisa. Kisha akamsikia Yudith nyuma yake, akiitikia maombi ya mvua kwa sauti ya kukauka. Mvua ya nini, na shamba lake la ulezi lilikuwa la serikali?

Tekla aliondoa mkono. Akasimama katikati ya sala, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Bwana Andendekisye. Njoo usome hapa."

Karani alikuja, akapiga magoti, akalaza shingo ili asome kilicholala. Alikaa hivyo muda mrefu. "Ndaga, Mama," alisema mwishoni, ambayo kwao ni asante, lakini aliisema kama mtu anayetoa pole.

Watu wa mbele walikwisha ona. Mnong'ono ulipita mpaka nyuma. Silvester alishusha msalaba wake mdogo, na uso wake ukaanza kung'aa.

"Liberatus," alisema. "Nilisema mimi."

"Ulisema ameuza mlima," Tekla alimkata. "Hakuuza. Alichukua mawe ya mpaka akamjengea Mungu, naye alijua kuwa ni ya mpaka, na hilo ni kosa lake, nami leo nimeapa juu yake na laana yake nimeitwaa. Nitaitwaa. Lakini hakuyabeba peke yake. Mimi niliyabeba. Mara nne. Wewe shemeji, Jumatano ile, nani alikuwa ananitwisha?"

Silvester aliinua tena msalaba wake mdogo.

"Nakuuliza mbele ya msalaba. Nani alisimama shimoni na sururu, akafumua, akanitwisha, akaniambia mwalimu ana shingo ya punda?"

Mtu fulani alianza kucheka akajizuia. Yudith aliinuka taratibu, akishika kiuno.

"Mimi pia nilibeba," alisema. "Nguo yangu iliharibika kwa ile chokaa. Nilimlaumu mchuuzi."

Kisha mzee mmoja nyuma akasema naye alikuwepo. Na mwanamke mwingine. Hawakuwa wengi, kwa kuwa miaka kumi na minane huzika watu, lakini walitosha. Silvester alisema hakumbuki. Alisema ilikuwa zamani. Alisema siku ya Ijumaa Kuu si siku ya mashauri, akaanza kuelekea kituo cha kumi na tatu, na mstari ukamfuata kwa shida, kama ng'ombe asiyetaka mto.

Tekla hakufuata. Alikaa juu ya jiwe lake la mtoni, kando ya msalaba, mpaka Andendekisye alipomaliza kupima na kuandika. Alimwomba amsomee alichoandika. Akamsahihisha mahali pawili.

Jibu la Mbeya lilifika mwezi wa tano. Mpaka ulirudishwa kituo cha tisa na mashamba tisa yakawa ya wenyewe. Jiwe lenye namba litolewe katika kiguzo lirudishwe mahali pake, na wanakijiji wajenge kiguzo kingine kwa gharama zao. Walikijenga kwa mawe ya mviringo ya kituo cha saba, na saruji mifuko miwili, na hakikuporomoka.

Juma lililofuata jibu hilo Silvester alimpelekea Tekla kibuyu cha ulanzi, wa mwisho wa masika yale, pamoja na salamu za heri. Tekla alikirudisha na kizibo chake. Alimwagiza mchukuzi aseme kwamba hahitaji kinywaji, anahitaji daftari.

Silvester alikaa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu alikuja mwenyewe, jioni kabla jua halijazama, na daftari la baraza kwapani. Tekla alimpa kiti, akamsogezea wino na kalamu yake ya shule. Silvester alifuta mistari miwili ya Jumapili ya Matawi kwa mstari ulionyooka, akaandika chini yake kwamba maombi ya Katekista Liberatus yatasomwa kama zamani. Akaupuliza wino.

"Endelea," alisema Tekla.

"Yapi tena, shemeji?"

"Mawe. Yalitolewa wapi, mwaka gani, na kwa amri ya nani."

Silvester alimtazama kwa mshangao wa kweli. Alimwambia kwa upole kwamba si lazima. Kwa heshima ya marehemu, watu wanaweza kuyaacha yapite. Daftari hudumu, wajukuu watalisoma.

"Ndiyo maana," alisema Tekla. "Wajukuu wangu hawatasikia kwako njiani kitu ambacho hawajakisoma kwangu. Andika."

Aliandika. Jina la Liberatus, mwaka 1938, bikoni namba kumi na moja.

"Na waliobeba."

Aliandika Tekla. Aliandika Yudith. Aliandika wale wawili wengine. Kisha kalamu ikasimama hewani, na wino ukajikusanya kwenye ncha mpaka ukakaribia kudondoka. Nje Lea alikuwa akitwanga. Silvester alitazama dirishani, akatazama ukuta wenye alama ya sahani, akatazama karatasi.

Tekla alikunja mikono yake juu ya meza, akasubiri, kama alivyosubiri watoto miaka kumi na sita. Hakuwa na haraka. Hasira yake ilikuwa bado imo, imekaa wima, nayo iliweza kusubiri mpaka taa iwashwe.

Silvester alichovya kalamu upya, akaandika jina lake.